Reli iliyoishia Suswa, bili iliyofika Kibuye

Katika soko la Kibuye, Kisumu, samaki wa ziwa na samaki wa Mchina hupangwa meza moja. Wa ziwa ana macho maangavu, na bei yake inakufanya uhesabu pesa mfukoni bila kuzitoa. Wa Mchina ametoka kwenye katoni, barafu bado imemganda mapezini, na wote wana kimo kimoja kana kwamba walipimwa kwa rula. Muuzaji hakufichi. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini wa ng'ambo ni nafuu kuliko wa kilomita chache kutoka hapo, akacheka. "Huyu amekuja kwa meli, baba. Wetu amekuja kwa mtumbwi na petroli."

Nikamwambia huyo wa meli amelipia na reli pia.

"Reli gani? Ile iliyoishia porini?"

Hiyo hiyo. Bidhaa zinazoshushwa Mombasa kwa matumizi ya humu nchini, isipokuwa chache zilizosamehewa, hutozwa Ushuru wa Maendeleo ya Reli. Ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, yaani bei pamoja na bima na nauli ya meli. Baadaye ukapanda hadi asilimia 2, ukashushwa tena 2023, na mwisho wa 2024 ukarudishwa palepale kwenye 2. Kontena la samaki la shilingi milioni 5 linaacha shilingi 100,000 za reli bandarini, kabla hujagusa ushuru wa forodha na ada nyingine. Anayelipa ni mwagizaji, lakini mwagizaji si shangazi yetu. Hiyo laki moja anaigawa kwenye katoni, katoni inaigawa kwenye kilo, na kilo inaishia kwenye sufuria ya mtu wa Manyatta ambaye hajawahi kupanda treni hiyo.

Kwa hiyo naona mjadala wetu kuhusu mikopo ya China huanzia pabaya. Tunabishana kama Mchina ni rafiki au ameweka mtego, mjadala mtamu kwenye matatu lakini hauna mwisho. Maswali ya mwenye duka ni mengine: kilichojengwa kitaingiza nini, kitaingiza kwa sarafu gani, na kisipotosha, ni nani atakayejazia?

Tuanze na mkopo wenyewe. Mei 2014 Kenya ilitia saini na Benki ya Exim ya China mikopo miwili ya kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi. Watu husema "mkopo wa SGR" kana kwamba ni mmoja, na hapo ndipo hesabu hupotea. Wa kwanza, dola bilioni 1.6, ulikuwa wa masharti nafuu: riba ya asilimia 2 isiyobadilika, miaka 20 ya kulipa, na miaka 7 ya mwanzo huligusi deni lenyewe. Wa pili, dola bilioni 1.633, ulikuwa wa kibiashara: miaka 15, mitano ya kupumua, na riba iliyofungwa kwenye LIBOR, kiwango cha soko la London, kisha juu yake asilimia 3.6. Exim ni benki ya serikali ya China, iliyoundwa 1994 kusukuma biashara ya nchi yake nje. Ni sawa na duka la mitambo linalokukopesha ili ununue mitambo yake. Mjenzi alikuwa China Road and Bridge Corporation, na sehemu kubwa ya fedha za namna hii haifiki hata Nairobi. Hutoka benki ya Beijing hadi kwa mwanakandarasi wa Beijing, nasi tunabaki na reli na karatasi.

Sioni ubaya hapo peke yake. China ilikuwa na akiba kubwa ya dola, chuma na saruji kupita mahitaji yake, na kampuni za ujenzi zilizokuwa zimemaliza kazi kubwa nyumbani. Sisi tulikuwa na reli ya mkoloni iliyochoka. Wakati huo wakopeshaji wa Magharibi walikuwa wanatoa fedha za semina za utawala bora kwa wepesi kuliko za reli.

Kasoro ilikuwa kwenye ule mkopo wa pili. Mwaka 2021 LIBOR ya dola ya miezi sita ilikuwa kama asilimia 0.2. Ukiongeza 3.6 unapata 3.8, kwa hiyo kila dola bilioni moja unayodaiwa inazaa riba ya dola milioni 38 kwa mwaka. Kisha Marekani ikapandisha riba kupigana na mfumuko wa bei wake. Kufikia 2023 kiwango hicho kilipita asilimia 5, na LIBOR yenyewe ikastaafishwa, nafasi yake ikashikwa na kiwango cha Marekani kiitwacho SOFR. Tano na kitu ukijumlisha 3.6 unakaribia 9. Dola bilioni ileile ikawa inazaa riba ya karibu dola milioni 90. Hakuna reli iliyoongezwa, hakuna behewa jipya, na hakuna mtu Beijing aliyetufanyia hila. Benki kuu ya Marekani ilikaa kikao Washington, na bili ikaja Nairobi.

Halafu kuna shilingi. Mkopo ulipotiwa saini, dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Januari 2024 ilipita 160, kabla ya kurudi karibu 129. Treni inakusanya nauli kwa shilingi, na deni lilikuwa la kulipwa kwa dola. Vijana wa Nakuru wanaochukua bodaboda kwa mkopo wangeuona ujinga huu mapema: ni sawa na kuambiwa pikipiki utailipia kwa mahindi, na bei ya mahindi inapangwa na jirani mwenye shamba. Hata uendeshe kuanzia alfajiri, hujui jioni unadaiwa gunia ngapi.

Oktoba 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, mtu wa huku kwetu Suba, alitangaza kwamba mikopo mitatu ya SGR, ile miwili na mwingine wa kipande cha pili cha reli, imehamishwa kutoka dola hadi yuan, na kwamba hatua hiyo itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka kwa sababu riba ya yuan iko chini. Ni nafuu ya kweli, na aliyeifikiria anastahili sifa. Lakini yuan nayo hatuichapishi Kisumu. Tunaipata kwa kuuza kitu China, na tunachouza huko, chai, kahawa, madini na parachichi lililoruhusiwa kuingia likiwa bichi mwaka 2022, ni kidogo sana mbele ya tunachonunua. Tumehama kutoka sarafu ngumu ghali kwenda sarafu ngumu ya bei nafuu.

Sasa turudi porini. Treni ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kilomita 472. Kipande cha pili, kilomita 120, kiligharimu mkopo mwingine wa takriban dola bilioni 1.5 na kufunguliwa Oktoba 2019. Kinaishia Suswa, mahali penye upepo, vumbi na ng'ombe. Mpango ulikuwa reli iendelee hadi Kisumu na Malaba. Aprili 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikwenda Beijing, safari hii akiandamana na Raila Odinga, na huku ziwani watu walikwisha kuigawa bandari ya Kisumu kwa matarajio. Wakarudi bila fedha za reli.

Kwa nini? Reli ya mizigo ni mnyama wa ajabu, nusu yake haifanyi nusu ya kazi. Mzigo mnono wa njia hii ni wa Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Mfanyabiashara wa Kampala hana haja ya treni inayomfikishia kontena bondeni, lipakuliwe, lipakiwe tena kwenye lori, wakati lori lingelichukua Mombasa moja kwa moja. Reli ikifika Malaba na ikakutana na ya Uganda, hesabu inabadilika kabisa. Isipofika, Kenya inalipia reli nzima na kutumia kipande. Na kwa kuwa kipande hakijilipi, mkopeshaji anaogopa kutoa fedha za kumalizia, na kwa kuwa haimaliziki, kipande hakitajilipa. Uganda ilisubiri hadi ikachoka. Oktoba 2024 ilitia saini na Yapı Merkezi ya Uturuki kwa kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala, kwa euro bilioni 2.7.

Katika pengo hilo Kenya ilifanya jambo la kimya ambalo, kwangu, ndilo la akili kuliko yote. Ilifufua reli ya zamani. Ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ikiitwa Port Florence enzi hizo, ilikarabatiwa kutoka Nakuru hadi Kisumu na Shirika la Reli pamoja na wanajeshi na vijana wa NYS, huduma ya taifa ya vijana, kwa kama shilingi bilioni 3.8. Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu kama shilingi bilioni 327. Najua huwezi kulinganisha: ya zamani ni nyembamba, ya polepole, ina kona zinazokufanya uone mkia wa treni yako mwenyewe, na haiwezi kubeba mzigo wa SGR. Lakini inafika.

Hapa ndipo mtu huuliza kuhusu bandari. Mwisho wa 2018 barua ya ukaguzi ilivuja, na nchi nzima ikaamini kwamba tusipolipa, Mchina atachukua Mombasa. Serikali zote mbili zilikana. Novemba 2022, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alipoweka hadharani sehemu ya mikataba, ilionekana wazi kwamba sheria inayoongoza mikopo ni ya China, na mgogoro ukizuka unasuluhishwa Beijing. Ndani yake pia mlikuwa na sharti la usiri, na hilo ndilo linaloniudhi mimi kuliko uvumi wote. Kuhusu bandari, kilichokuwepo hakifanani na rehani ya nyumba. Mamlaka ya Bandari ilikubali kuipa reli kiasi fulani cha mzigo, au kulipa fidia kisipotimia.

Kifungu hicho cha mzigo kina historia hata Salgaa. Salgaa, nje kidogo ya Nakuru, ni mji uliozaliwa na malori: gereji, hoteli za ugali na matumbo, vyumba vya kulala, mafundi wa tairi wanaofanya kazi saa nane usiku. Serikali ilipoamuru 2019 kwamba makontena yapande treni, na 2020 ikaongeza kwamba mzigo wa nchi jirani uende bandari kavu ya Naivasha, wenye malori walipiga kelele, Mombasa ikaandamana, na kesi zikafunguliwa. Watu wa Mombasa walisikika zaidi kwa sababu lori lililoacha kutoka bandarini ni lori lililoacha kula kwao. Salgaa walau malori yaliendelea kupita, yakitokea Naivasha badala ya pwani. Septemba 2022 Rais William Ruto alipoingia madarakani alifuta amri hiyo. Fikiria jambo hilo: ili reli ijilipe, ilibidi watu walazimishwe kuitumia.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao huku magharibi umekomaa. Tukiona Mchina amevaa kofia ya njano kando ya barabara, tunasema barabara ni ya Mchina. Barabara ya Kisumu, Kakamega, Webuye hadi Kitale ilijengwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia, ingawa wanakandarasi wa Kichina walishinda zabuni za vipande vyake. Benki ya Dunia ndiyo inayotudai zaidi kuliko mkopeshaji yeyote wa nje. China inaongoza miongoni mwa nchi zinazotudai, lakini hiyo ni orodha nyingine. Na zaidi ya nusu ya deni lote la serikali tunadaiana wenyewe kwa wenyewe, kupitia benki zetu na hati fungani ambazo hata pensheni ya mwalimu wa Bondo imo ndani.

Ukitaka kuona deni baya lisilo na Mchina, panda hadi Kuresoi, kaunti ya Nakuru. Bwawa la Itare lilianza kujengwa 2017 kwa mkopo wa benki za Ulaya na mwanakandarasi wa Kiitaliano, CMC di Ravenna, ili Nakuru ipate maji. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliishiwa kwao Italia, kazi ikasimama, na mashine zikaachwa mlimani zikiota kutu. Maji hayakushuka, na wakazi wa Nakuru bado wanafahamiana kwa rangi ya madumu yao.

Sasa shuka upande wa pili wa kaunti hiyohiyo, Olkaria. Pale mvuke unatoka ardhini kwa kishindo kinachokulazimu kumfokea mwenzako aliye hatua mbili. Baadhi ya visima vyake vilichimbwa na kampuni ya Great Wall Drilling kwa mkopo wa Exim, benki ileile ya SGR, huku mitambo ya umeme ikipata fedha kutoka Benki ya Dunia, Japani na Ulaya. Olkaria IV, megawati 140, ilizinduliwa Oktoba 2014, miezi michache tu baada ya mkopo wa reli kutiwa saini. Leo mvuke unatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya. Mvuke hautegemei mvua wala bei ya dizeli, na kila saa inayopita kuna mteja anayelipa. Mkopeshaji mmoja, nchi moja, miaka ileile. Tofauti ni kwamba mtu alijua mapema umeme utauzwa kwa nani na waya utaishia wapi. Wataalamu wakisema ukuaji unaodumu, mimi huona Olkaria: kitu kinachoendelea kulipa baada ya utepe kukatwa, bila kuichoma nchi.

Beijing nayo imejifunza, kwa hasara zake yenyewe. Kwa hesabu za Chuo Kikuu cha Boston, wakopeshaji wa China waliipa Afrika kama dola bilioni 182 kati ya 2000 na 2023. Kilele kilikuwa 2016, zaidi ya dola bilioni 28 kwa mwaka mmoja. 2023 zilikuwa 4.6 tu. Katikati ya tarehe hizo Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, na kufikia makubaliano ya Juni 2023 ya kupanga upya dola bilioni 6.3 ilibidi wadai wavutane miaka karibu mitatu, bilioni 4.1 kati ya hizo zilikuwa za Exim. Anayetaka fedha za makaa ya mawe naye amechelewa: benki ya Kichina ICBC ilijiondoa kwenye mradi wa Lamu 2020, na mwaka uliofuata Rais Xi Jinping alitangaza Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo ya makaa nje.

Kilichokuja badala yake unaweza kukiona ukitoka Nakuru kuelekea Nairobi. Barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, iliyozinduliwa Novemba 2025, inajengwa na CRBC ileile iliyojenga reli, pamoja na NSSF, mfuko wa akiba zetu za uzeeni, na kampuni ya Shandong Hi-Speed. Serikali haikukopa. Wawekezaji wanaweka fedha zao, kisha wanazirudisha kwa ushuru wa barabara, uliotajwa kuanzia shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo, kwa miongo kadhaa. Kwenye vitabu vya deni la taifa haionekani. Kwenye mfuko wa dereva wa matatu ya Nakuru itaonekana kila siku, na dereva wa matatu si mtu wa kubeba mzigo peke yake. Mtindo huu si mbaya kwa asili. Unamlazimisha mjenzi kujiuliza kama magari yatakuja, swali ambalo reli haikuulizwa vya kutosha. Ila linapokuja suala la kusoma mkataba, tuko palepale pa 2014: tutauona lini, na wote?

Hata reli ya Kisumu imerudi mezani kwa njia hiyo ya pembeni. Mwaka 2025 serikali ilieleza nia ya kuuza sokoni makusanyo ya ushuru wa reli ya miaka ijayo, ipate fedha sasa za kuifikisha Malaba. Ilikwisha kufanya hivyo kwa mafuta: shilingi 7 kati ya zile 25 za ushuru wa barabara kwenye kila lita zilitumika kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Kwa lugha ya chama cha kuchangiana kwa zamu, ni kama kuuza zamu yako ya kupokea kabla haijafika. Inaruhusiwa. Lakini zamu ikifika, usishangae mkono ukiwa mtupu.

Yote haya sikumwambia mama wa Kibuye; foleni nyuma yangu ilikuwa inakohoa. Nilimwambia tu ile laki moja ya kontena. Alifunga samaki wawili wa ziwa kwenye gazeti, akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa hiyo reli ikifika hapa, huyu wa Mchina atashuka bei ama watatuongeza tena hiyo kitu?"

Nikamjibu kwamba ule mkopo wa kibiashara ulipangwa kuisha 2029 na ule wa nafuu 2034, na kwamba ushuru haujaandikwa popote utaisha lini. Akanihesabia chenji, mara mbili.